Akina Mama wa Bonn na askari waliowalipa nadhiri

Quettius Severus alikuwa mweka hazina wa mji wa Köln, Ujerumani ya leo, enzi hizo za Warumi ukiitwa Colonia Claudia Ara Agrippinensium, na mwaka 164 alikuwa na deni la kulipa. Deni lenyewe si la hela. Alikuwa ameweka nadhiri kwa akina mama watatu, miungu wa kike wa huku, wanaoitwa Aufaniae, mambo yake yakanyooka, basi akawachongeshea madhabahu ya jiwe la chokaa, kazi ya fundi hasa wala si ya kubabaisha, akaweka jina lake na cheo chake na majina ya makonsuli (viongozi wakuu wa Roma) wawili wa mwaka ule, Macrinus na Celsus, ndo maana leo tunaujua mwaka wenyewe bila kubahatisha. Halafu akafunga na maneno ambayo ukishazoea kusoma haya mawe utayakuta kila kona ya Ulaya, mara nyingi yamefupishwa kuwa herufi nne tu, VSLM: nadhiri ameiondoa, kwa hiari, na walistahili.

Jiwe hilo lilifukuliwa 1928 chini ya kanisa kubwa la Bonn, lile la Münster, pamoja na mengine mengi ya akina mama haohao. Leo lipo kwenye makumbusho ya LandesMuseum, nyuma tu ya stesheni ya treni, ukishuka unatembea kidogo umefika. Wazee wetu huu ukanda wanaujua kwa redio, Sauti ya Ujerumani ilikuwa ikitangaza kutoka Köln miaka na miaka kabla ya kuhamia Bonn 2003, mi nimekuja huku kwa shughuli zangu nyingine kabisa na hii habari ya Akina Mama imenikamata tu njiani, na ikishakukamata haikuachii.

Sasa lugha ninayoisikia kila mahali, kwenye vitabu vya watalii, kwa waongoza wageni, mtandaoni, ni ileile: "miungu wa kike wa rutuba". Basi, wamemaliza. Mwanamke amekaa, ana tunda, basi rutuba. Mi hilo jibu naliona la kivivu, na ntajaribu kueleza kwa nini.

Twende kwenye jiwe lenyewe kwanza. Wamekaa watatu kwenye benchi moja lenye mgongo, ndani ya kama kibanda chenye nguzo, juu yao umechongwa umbo la kombe la baharini kama kuba. Wa kulia na wa kushoto ni watu wazima, vichwani wamevaa vilemba vikubwa vya duara, vikubwa kwelikweli, yaani kichwa kimepotea humo ndani. Wa katikati ni binti, mdogo kidogo kuliko wenzake, kichwa wazi, nywele kaziachia mabegani. Wote wana majoho mazito yaliyobanwa kifuani kwa pini kubwa, shingoni kidani chenye umbo la mwezi mchanga, na mapajani kila mmoja ana kikapu cha matunda ambacho amekishika kwa mikono miwili kama mtu asiyetaka kimwagike. Hawacheki, wala hawajanuna. Wanakutazama wewe uliyesimama mbele yao.

Nikampigia picha mama yangu, yuko Tanga, nikamtumia WhatsApp. Akanirudishia voisi.

"Marahaba mwanangu. Hao akina mama wamependeza, wamekaa kama wako kwenye kikao cha ukoo, huyo wa katikati ndo anaozeshwa au? Sasa mbona hakuna mtoto? Mama gani huyo hana hata katoto kamoja?"

Swali la msingi kabisa hilo. Wataalamu wengi wanasema vile vilemba ni vazi la wanawake walioolewa wa kabila la Waubii, na binti wa nywele wazi ni ambaye hajaolewa bado, kwa hiyo kwenye kikao mama yangu hakuwa mbali. Ila hilo la mtoto ndo lenyewe. Kwenye mawe ya bonde la Rhine, mamia ya mawe, watoto karibu hawapo. Ukienda Ufaransa, pande za Burgundy, kuna jiwe la Vertault lina akina mama watatu, mmoja kabeba kichanga, wa pili kashika kitambaa cha nepi kabisa, wa tatu ana beseni na sponji la kuogeshea, yaani hapo hakuna mjadala, ni uzazi na malezi moja kwa moja. Ukienda Ptuj kule Slovenia, zamani Poetovio jimbo la Pannonia, kuna miungu wanyonyeshaji waliitwa Nutrices, wazazi walikuwa wanawaombea watoto wao kwa majina. Kwa hiyo mchonga mawe wa Kirumi akitaka kuchonga mama na mtoto anajua pa kuanzia. Watu wa Bonn na Köln na vijiji vya huku hawakutaka hivyo. Walitaka wanawake watatu wenye heshima zao, wamekaa, wana vikapu, na majina.

Majina sasa. Aufaniae ni wa kwanza tu. Kuna Vacallinehae, kuna Fachinehae, kuna Austriahenae, Gesahenae, Axsinginehae, Octocannae, Boudunneihae, jaribu kuyatamka hayo haraka uone. Kwa jumla mawe ya Akina Mama yanayojulikana Ulaya nzima yanapita elfu moja na sehemu kubwa inatoka hapa, jimbo la Germania Inferior, hasa eneo kati ya Köln, Bonn, Jülich na milima ya Eifel. Na kila jina linashikamana na mahali pake. Vacallinehae wako zaidi Pesch, kijiji cha Eifel, na jirani zake, huwakuti Uholanzi. Austriahenae waliibuka 1958 mahali panaitwa Morken-Harff, zaidi ya mawe 150 kwa mpigo, wakaokolewa kabla mgodi wa makaa ya mawe haujameza eneo lote, maana kijiji hicho leo hakipo, kimechimbwa. Sasa we niambie, rutuba ni rutuba, mvua ni mvua, kwa nini kila bonde liwe na akina mama wake wenye jina lao? Mi naona hawa walikuwa mama wa watu fulani, wa sehemu fulani, wa ukoo fulani, na baadhi ya mawe yenyewe yametolewa na vikundi vilivyojiita curia, jumuiya za watu wa mahali pamoja au wa damu moja. Wapo wasomi wanaokwenda mbali zaidi wakasema ni mabibi waliotangulia, wazee wa kike wa ukoo waliokufa wakabaki kulinda walio hai. Haijathibitishwa lakini mi huko ndo naegemea.

Halafu lazima ujue hao wenyeji ni kina nani, manake hapo ndo utamu ulipo.

Kabla ya Warumi huku kulikuwa na Waeburoni, ambao walimuulia Julius Caesar kikosi kizima mwaka 54 KK, na Caesar akalipiza kwa kuwafuta, kwa maneno yake mwenyewe alitaka hata jina lao lisibaki. Ardhi ikabaki na watu wachache. Miaka iliyofuata Agrippa, swahiba wa Augusto, kaisari wa kwanza, na baadaye mkwewe, akawavusha Waubii kutoka ng'ambo ya mashariki ya mto Rhine akawapa hilo eneo. Waubii wanahesabiwa Wajerumani ila waliishi jirani na Wakelti muda mrefu wakachanganyikana nao tabia, na masalia ya Waeburoni yakawa bado yapo, halafu wakaja askari wa legioni (vikosi vikubwa vya jeshi la Roma) kutoka Italia na Galia, Ufaransa ya leo, na Hispania, wakastaafu, wakapewa mashamba, wakaoa hapohapo. Mwaka 50 mji wao ukapandishwa hadhi kuwa koloni kamili kwa heshima ya Agrippina, mke wa kaisari Klaudio, aliyezaliwa hapohapo mwaka 15 baba yake akiwa vitani.

Kuna kisa Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anakisimulia cha mwaka 70, wakati kabila la Wabatavi lilipoiasi Roma. Watenkteri, Wajerumani wa ng'ambo, wakatuma ujumbe Köln: bomoeni kuta, waueni Warumi wote mlio nao, rudini kwenye asili yenu. Waubii wakajibu kidiplomasia sana, lakini kiini cha jibu kilikuwa kwamba wale walioletwa zamani wameshaoana na sisi, na waliozaliwa kutokana na ndoa hizo kwao ni hapa, mnataka tuwaue wazazi wetu na ndugu zetu na watoto wetu? Basi. Miaka ishirini tu tangu wapewe koloni na tayari humjui Mrumi ni nani na Mubii ni nani, ukianza kuchinja unachinja nyumbani kwako.

Ni watu hao, wajukuu na vitukuu vyao, ndo wanaochongesha mawe karne ya 2 na ya 3. Ukiangalia majina yao utaona mchanganyiko ulivyokolea. Mtindo wa huku ulikuwa baba akiitwa Candidus basi mtoto anajitengenezea jina la ukoo Candidinius, lionekane la Kirumi kwa nje lakini utaratibu ni wa kwao. Na kwenye jiwe vilevile: kibanda ni cha Kirumi, nguzo za Kirumi, herufi za Kilatini, mtoa sadaka akichongwa mara nyingi kavaa toga yake safi, vazi rasmi la Kirumi. Halafu walioketi kwenye kiti cha heshima wamevaa vilemba vya bibi yake mzaa mama. Hapo mi naona hesabu imepigwa. Mtu kapanda cheo, ni diwani, ni mweka hazina, anaongea Kilatini ofisini, lakini mbele ya hao watatu anakuwa mtoto wa fulani wa kijiji fulani.

Niliwahi kwenda Nettersheim, juu kule Eifel, reli ya kutoka Köln kwenda Trier ile iliyosombwa na mafuriko ya Julai 2021. Ukishuka unafuata mto Urft halafu unapanda kilima kinaitwa Görresburg, na juu yake kuna hekalu la Aufaniae, yaani msingi wake, ulifukuliwa 1909. Usitegemee Kolosseo. Ni ukuta wa mawe unaokufika magotini, chumba kimoja cha mraba na varanda inayokizunguka pande zote, ndo ramani ya mahekalu ya Wakelti na Warumi wa huku, na pembeni vijumba viwili vidogo. Wamesimamisha nakala za madhabahu, zile halisi ziko makumbusho. Upepo sasa, ukienda beba sweta.

Kinachonishangaza Nettersheim ni walioandika. Kundi kubwa la mawe ya pale limetolewa na watu wenye cheo cha beneficiarius consularis. Hawa ni askari walioazimwa kwenye ofisi ya gavana, wanapangwa kwenye vituo vya barabara kuu kuangalia nani anapita na mzigo gani, na barabara yenyewe ilikuwa inapita hapohapo chini, Köln kwenda Trier. Kwa kifupi ni trafiki. Fikiria trafiki wa Chalinze, kituo kinaisha muda wake, anahamishwa, na kabla hajaondoka anakusanya hela yake anasimamisha jiwe la kuwashukuru mabibi wa kijiji ambacho si kwao. Mmoja aliitwa Marcus Pettronius Patroclus, hilo la mwisho jina la Kigiriki kabisa, na aliandika kwamba ni kwa ajili yake na walio wake. Pro se et suis. Hilo neno "walio wake" liko kwenye mawe mengi mno, ukihesabu maombi ya Akina Mama utaona watu wanaombea nyumba yao, jamaa zao, kuliko wanavyoomba mimba.

Na kitu kingine kuhusu Nettersheim, chemchemi iliyokuwa inalisha mfereji wa maji wa Köln iko bonde hilohilo, maji yalikuwa yanasafiri karibu kilomita 95 ndani ya mtaro wa zege chini ya ardhi hadi mjini. Sidai Akina Mama waliwekwa pale kwa sababu ya maji, hakuna jiwe linalosema hivyo, nasema tu pale palikuwa na barabara, maji na kituo cha serikali, halikuwa pori la wachawi kama baadhi ya vitabu vya siku hizi vinavyotaka tuamini.

Maana wapo wanaoamini. Nilikuta kwenye nakala za madhabahu watu wameweka matofaa, maua ya porini, sarafu za senti, mishumaa ile midogo ya bati, na utepe umefungwa mtini. Wajerumani wa leo, watu na akili zao na magari yao ya umeme, wanapanda kilima kuweka tofaa mbele ya nakala ya jiwe. Mi ni Muislamu, sina langu pale, nikapiga picha nikaondoka, ila sikuwacheka, kwetu nako mizimu na makaburi ya mashehe yanapelekewa ubani na kitambaa cheupe na hatusemi sana.

Turudi kwenye nadhiri yenyewe ilivyokuwa inafanya kazi, manake watu wanachanganya na kuomba tu. Unaanza kwa kuahidi: Akina Mama, mkinivusha kwenye hili, nitawapa hiki. Likipita, unalipa. Lisipopita hudaiwi. Jiwe linakuja mwishoni, kwa hiyo kila madhabahu unayoiona ni jambo lililofanikiwa, walioahidi wasipate hawakuacha jiwe, hao hatuwajui. Wakati mwingine wenyewe Akina Mama ndo wanaanza. Kuna jiwe la Rödingen, leo liko Mannheim, limetolewa na Marcus Julius Valentinus na Julia Justina kwa Akina Mama Gesahenae, na sababu imeandikwa pale: ex imperio ipsarum, kwa amri yao wenyewe. Walijuaje? Ndoto pengine, au ishara fulani. Mtu amelala, bibi wa kilemba kamtokea, kamwambia nikudai mpaka lini, kesho yake anatafuta fundi.

Na si wanaume peke yao. Bonn kuna madhabahu ya Statilius Proculus, ofisa mkubwa wa legioni ya kwanza Minervia iliyokuwa na kambi yake hapohapo Bonn, ameitoa pamoja na mkewe Sutoria Pia, jina lake limeandikwa kamili. Wanawake wengine wametoa mawe wao wenyewe. Ila ukipiga hesabu ya jumla, wanaume ni wengi, na askari, maofisa na madiwani wamo tele. Ukitaka kuniambia hii ilikuwa dini ya wanawake ya kuomba watoto, anza kunieleza hao maafande walikuwa wanatafuta nini.

Pembeni mwa madhabahu ndo pana raha kama una muda wa kuzunguka, wageni wengi wanasimama mbele tu. Upande wa kushoto na wa kulia wachongaji waliweka wahudumu wanaleta sadaka, miti, mapembe yaliyojaa matunda, na nyuma ya moja ya yale mawe ya Bonn kuna mti, nyoka kajizungusha kwenye shina, na chini yake mbuzi wa miili mitatu. Mbuzi mmoja, miili mitatu. Nimesoma maelezo mengi ya huyo mbuzi na hakuna hata moja lililoniridhisha. Utatu wenyewe nao ni hivyohivyo. Wakelti walipenda kuwafanya miungu watatu watatu, wenye vichwa vitatu, pembe tatu, mpaka Uingereza kuna watu watatu wafupi wenye makoti ya kofia, wanaonekana mara nyingine karibu na Mama. Watatu ni wingi, ni kikao. Mmoja unaweza kumbembeleza, watatu lazima wakubaliane.

Kwa maskini palikuwa na namna nyingine. Köln ilikuwa na karakana za sanamu ndogo za udongo mweupe, zinafyatuliwa kwa kalibu, nyingi kwa mara moja, za bei ya mtu wa kawaida, unaweka nyumbani au unazikwa nayo. Fundi mmoja, Servandus, alikuwa anapiga jina lake kwenye udongo na kuongeza duka liko wapi: soko la shayiri. Tangazo la biashara la karne ya 2, na limefanya kazi, manake mi namjua.

Ukweli ni kwamba mawe yalikoma kabla dini yenyewe haijakoma. Karne ya 3 katikati mambo yaliharibika, Wafranki wakavuka mto, hela ikaharibika, watu wakaacha kuchongesha. Hekalu la Pesch lakini lilijengwa upya karne ya 4, tayari Konstantino ameshakuwa Mkristo, kwa hiyo bado walikuwepo waliopanda kilima cha Pesch. Baadaye mawe yakawa matofali tu. Yale ya Bonn yaliingia kwenye makaburi na misingi, kanisa likakua juu yake, na bila hilo kanisa yangeshachomwa kupata chokaa zamani. Huku mtaani utasikia kwamba wale mabikira watatu watakatifu wanaoheshimiwa kwenye makanisa fulani ya Rhineland ni Akina Mama waliobatizwa tu. Inavutia, lakini kati ya madhabahu ya mwisho na habari za hao mabikira kuna karne nyingi za ukimya, na namba tatu peke yake si ushahidi.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi walivyosafiri. Aufaniae, akina mama wa huku Bonn, wamekutwa Lyon, Ufaransa. Mwaka 197 kulipiganwa vita vikubwa pale, Septimius Severus kamshinda mpinzani wake, na ofisa wa legioni ya Bonn aitwaye Tiberius Claudius Pompeianus akaandika jiwe la kumwombea kaisari afya, na amewataja Aufaniae pamoja na Akina Mama wa Wapannonia na wa Wadalmatia. Hakuishia kwenye jiwe, alitengeneza mahali pake na vitanda vya kulia chakula, manake hizi ibada zilikuwa na kula, nyama ya sadaka haitupwi.

Halafu Uingereza ndo kabisa. Jimbo la Britannia lilijaa askari wa kutoka Rhine na kwingineko, na wao wakafika na mama zao. Binchester, ofisa mwingine wa gavana, Pomponius Donatus, amewaandikia Akina Mama Ollototae, akaongeza "au wa ng'ambo ya bahari", kama mtu anayetaka barua ifike hata kama anwani imekosewa. Winchester, Antonius Lucretianus kawataja Akina Mama wa Italia, Germania, Galia na Britannia kwenye jiwe moja. Castlesteads, karibu na ukuta wa Hadrian, ule wa mpaka wa Warumi, kamanda Gaius Julius Cupitianus kakarabati hekalu la Akina Mama wa mataifa yote lililokuwa limeanguka kwa uzee. Lilikuwa limeanguka kwa uzee! Maana yake kuna mtu kabla yake alishalijenga, likatumika, likachakaa. Carlisle mtu kawaomba kwa ajili ya afya ya mwanamke aitwaye Sanctia Gemina. Na London kuna jiwe ambalo halina afande yeyote, majirani wa mtaa ndo waliochanga wakakarabati mahali pa Akina Mama kwa hela zao.

Hapo ndo naona neno rutuba linavyopwaya. Askari wa miaka ishirini na tano ya utumishi, kuoa kisheria hakuruhusiwi mpaka zama za kaisari Septimius Severus, anahamishwa toka Rhine kwenda kwenye ukungu wa kaskazini ya Uingereza. Anachokosa ni watu. Nani atanijua huku, nani wa kunisemea, nikianguka nani atapeleka habari. Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, ni wa serikali, ana jiwe lake kila Januari, gwaride linapigwa, sawa. Akina Mama ni wako.

Na jiwe ninalolitaka kuliona kwa macho yangu liko York. Aliyelitoa anaitwa Marcus Minucius Audens, askari wa legioni ya 6 Victrix, kazi yake nahodha, mshika usukani wa vyombo vya legioni. Kaandika kwa mkato, MAT AF ITA GA, na wasomaji wa mawe wanalisoma Akina Mama wa Afrika, wa Italia na wa Galia. Afrika ya Warumi ilikuwa Tunisia na kingo za Libya na Algeria, kwa hiyo tusianze kushangilia kwamba ni bibi zetu wa Pangani, ila kule York si ajabu kumkuta mtu wa pande hizo, Septimius Severus mwenyewe alizaliwa Leptis Magna huko Libya na alifia York mwaka 211. Audens hakusema yeye kwao ni wapi. Wengine wanadhani labda Galia, wengine wanamtaka awe Mwafrika. Mi nadhani alikuwa nahodha tu mwenye hesabu nzuri: kwenye chombo kimoja una vijana wa Kartago, wa Italia na wa Galia, bahari ya kaskazini haina mchezo, utaachaje kumtaja mama wa hata mmoja wao?